Samaki mdogo anayebeba jina la Vitshumbi

Asubuhi mitumbwi inaporudi Vitshumbi, macho ya watu huenda kwa tilapia, kwa kambale, kwa mamba, yaani kwa samaki wenye bei. Hakuna anayeangalia visamaki vinavyokimbia kati ya majani pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu. Lakini mmoja kati ya hao wadogo ndiye anayelibeba jina la kijiji hiki katika vitabu vya sayansi, na amelibeba tangu mwaka wa 1924.

Jina lake la kitaalamu ni Lacustricola vitschumbaensis. Aliyemwelezea kwa mara ya kwanza ni Ernst Ahl, mtaalamu wa wanyama katika makumbusho ya Berlin, na ndiyo sababu Vitshumbi imeandikwa kwa tahajia ya Kijerumani. Sehemu ya kwanza ya jina imebadilishwa mara kadhaa kadiri wataalamu walivyobishana kuhusu ukoo wake: Haplochilichthys, Aplocheilichthys, Micropanchax, na sasa Lacustricola. Sehemu ya pili haijaguswa. Ziwa lenyewe halikuwa na bahati hiyo, maana enzi ya Mobutu liliitwa Idi Amin kabla ya kurudia jina la Edouard.

Ni samaki asiyezidi urefu wa kidole. Sehemu ya juu ya jicho lake hung'aa anapopigwa na mwanga, na ndiyo maana wafugaji wa samaki wa nyumbani wanaliita kundi lake lote "macho ya taa". Huishi ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi, katikati ya nyasi na mafunjo, akila vidudu vidogo. Haliwi na watu na wala hauzwi sokoni.

Ukoo wake ndio unaomwingiza katika habari ya akwariamu, yale masanduku ya vioo ambamo watu hufuga samaki sebuleni. Kwa miaka mingi, vitabu vilimweka katika familia moja na gupi, samaki mdogo wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibea ambaye pengine ndiye anayefugwa na watu wengi zaidi duniani. Gupi alipewa jina hilo kwa ajili ya Robert John Lechmere Guppy, mkaaji wa kisiwa cha Trinidad aliyetuma vielelezo vyake London katika miaka ya 1860. Utafiti wa vinasaba umeonyesha baadaye kwamba undugu wao ni wa mbali kuliko ilivyodhaniwa, na ndugu hao wa Afrika wakapewa familia yao.

Tofauti kubwa iko kwenye uzazi. Gupi hatagi mayai, anazaa watoto hai. Mimba huchukua wiki nne hivi, na mtoto akitoka tu anaogelea na kutafuta chakula mwenyewe. Jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hata akiwa peke yake kwenye chombo akaendelea kuzaa. Huko Mexico kuna kundi lingine, la Goodeidae, ambalo limeenda mbali zaidi: mtoto akiwa tumboni huota nyuzi zinazonyonya chakula kutoka kwa mama, jambo linalofanana na kazi ya kitovu. Samaki wa Vitshumbi hana hayo. Anataga mayai machache machache, anayabandika kwenye majani na mizizi, kisha anaondoka. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi.

Wavuvi wa Edouard hata hivyo wanajua samaki anayekaribia kuzaa watoto hai, ingawa pengine hawajawahi kumtazama kwa jicho hilo. Ni tilapia. Jike la tilapia hukusanya mayai mdomoni na kuyabeba mpaka watoto waanguliwe na kuweza kuogelea, na hatari ikitokea watoto hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Binamu zake wadogo wa kundi la Haplochromis, ambao ziwa hili lina aina nyingi, wanafanya vivyo hivyo. Mvuvi aliyekwisha kuona mayai au vitoto vikimwagika kutoka mdomoni mwa samaki aliyenaswa ameona kizazi kizima kikiishia kwenye mtumbwi.

Na penye mama wanaobeba watoto mdomoni, wezi hawakosi. Mwaka wa 2019 watafiti wa Makumbusho ya Afrika ya Tervuren na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mfumo wa maji wa Edouard hauna aina moja tu ya Haplochromis wanaokula mayai na watoto wa wenzao, bali una aina tano. Ziwa hili limekuwa likitazamwa na wanasayansi tangu zamani: msafara wa Hubert Damas ulifika mwaka wa 1935 na 1936, na Max Poll akaandika juu ya samaki wake mwaka wa 1939. Miaka 80 baadaye bado walikuwa wanagundua kwamba samaki waliowahesabu kama mmoja ni kadhaa.

Kwa nini basi mtu wa Rutshuru au wa Goma ajali visamaki visivyopikika? Jibu mojawapo liko Mexico, katika jimbo la Jalisco, kwenye mto mdogo wa Teuchitlán.

Mto huo ulikuwa na samaki wa kundi la Goodeidae, mwenye ukanda wa rangi ya chungwa mkiani, aliyepewa jina la Zoogoneticus tequila kwa sababu ya mlima wa volkano ulio karibu. Uchafuzi na samaki wageni walioingizwa vilimmaliza mtoni. Alikuwa amebaki karibu wote kwenye masanduku ya vioo ya watu wa Ulaya na Amerika, watu waliomfuga kwa kupenda tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Mwaka wa 1998 mfugaji mmoja Mwingereza, Ivan Dibble, alipeleka jozi tano za samaki hao, kutoka bustani ya wanyama ya Chester, kwa Chuo Kikuu cha Michoacán mjini Morelia. Wakazaana humo kwa miaka. Mwaka wa 2012 madume 40 na majike 40 waliwekwa kwenye mabwawa ya chuo ili wajifunze tena kuishi na ndege, vimelea na njaa. Miaka minne baadaye walikuwa wamefika kwenye 10,000 kwa makadirio. Ndipo samaki 1,500 hivi wakarudishwa Teuchitlán, na mwishoni mwa mwaka wa 2021 ikatangazwa kwamba wanazaana tena mtoni. Wakaaji wa pale, pamoja na watoto wa shule, ndio waliopewa kazi ya kupima maji na kulinda kingo.

Jozi tano. Ni vema kuikumbuka namba hiyo kila mara mtu anaposema kufuga samaki wadogo ni mchezo wa matajiri. Hata hivyo, hadithi hiyo haikufanikiwa kwa sababu ya vioo peke yake. Ilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na chuo kilichopokea samaki, na watu wa mtoni waliokubali kubadili namna ya kuutendea mto wao. Samaki aliye kwenye kioo bila mto wa kurudia ni mkimbizi asiye na kwao.

Afrika ya Mashariki ina hadithi yake, yenye uchungu zaidi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliingizwa kwenye ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, na inakadiriwa kwamba aina karibu 200 za samaki wadogo wa Haplochromis zilipotea au zilikaribia kupotea. Wachache waliokolewa kwa sababu tayari walikuwa kwenye akwariamu za Ulaya na Marekani.

Edouard haina sangara leo. Maporomoko ya mto Semliki yanamzuia kupanda kutoka ziwa Albert. Aliwahi kuwemo, maana mifupa yake imepatikana Ishango, kwenye mabaki ya wavuvi wa kale walioishi pale Semliki inapotoka ziwani, lakini alitoweka maelfu ya miaka iliyopita. Yeyote atakayewaza kumrudisha kwa ndoo, akidhani anawasaidia wavuvi, aangalie kwanza yaliyotokea Victoria. Ni kweli kwamba si kila samaki mgeni aliyeletwa kwetu ni balaa: sambaza wanaolisha Goma na Bukavu walitolewa Tanganyika na kutiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini Kivu ilikuwa na aina chache za samaki na maji ya katikati yalikuwa karibu matupu. Edouard si hivyo.

Hatari iliyopo Vitshumbi sasa ni nyingine, na inajulikana na kila mtoto wa pale. Ni nyavu za macho madogo na vyandarua vinavyoburutwa ukingoni, kwenye maji ya kina kifupi ambayo kisheria hayavuliwi kwa kuwa ndiyo mazalio. Mahali tilapia anapolelea vitoto vyake ndipo samaki wa macho ya taa anapobandika mayai yake. Chandarua hakichagui. Vitshumbi ni moja ya pêcheries tatu zinazotambuliwa ndani ya hifadhi ya Virunga upande wa Kongo, pamoja na Kyavinyonge na Nyakakoma, lakini vijiji vya uvuvi visivyotambuliwa vimeongezeka, na vita vya miaka hii vimefika mpaka ufukweni. Raia anayekimbia na watoto, akifika ziwani bila shamba, atavua kwa alichonacho. Kumlaumu ni rahisi kwa aliyeshiba.

Kuna pia habari ya viboko. Miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 30,000, na kinyesi chao kilirutubisha ziwa na kulisha vijidudu ambavyo samaki wanavila. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa chini ya 1,000. Walianza kuongezeka tena, kisha Aprili 2025 ugonjwa wa kimeta ukaua viboko wasiopungua 50 kwenye eneo la mto Ishasha, unaoingia ziwani kutoka kusini. Wazee wa Vitshumbi wanaosema kwamba viboko wakiisha samaki nao hupungua hawasemi hadithi tupu.

Kwa hiyo, je, inawezekana samaki wa Vitshumbi afugwe na watu wa Vitshumbi au wa Goma? Kwa upande wa kazi yenyewe, si jambo gumu. Bidoni ya lita 20 iliyokatwa upande inatosha kwa samaki sita wa ukubwa huo. Maji ya ziwa au ya mvua yanafaa. Ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kwanza. Majani ya majini husaidia kusafisha, na kila wiki sehemu moja ya tatu ya maji ibadilishwe. Chombo kifunikwe kwa wavu mwembamba: samaki wa aina hii wanaruka, na bidoni ya wazi inaweza kugeuka kiwanda cha mbu, ingawa vifunza vya mbu ni chakula kizuri kwao.

Kwa mayai, wafugaji wa samaki wa macho ya taa hufunga nyuzi za kufumia kama ufagio mdogo na kuziacha zielee. Samaki wanabandika mayai humo. Kila baada ya siku chache nyuzi huhamishiwa chombo kingine, la sivyo wazazi watakula watoto wao. Vitoto vikianguliwa ni vidogo mno, na siku za kwanza vinalishwa maji ya kijani yaliyokaa juani. Joto ndilo linaloleta tofauti kati ya miji hii miwili. Edouard iko kwenye mita 912 hivi juu ya bahari na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Goma iko karibu mita 1,500, na usiku wa Goma, bila umeme wa uhakika, unaweza kumdhoofisha samaki aliyezoea Vitshumbi.

Ugumu ni ruhusa. Ziwa upande wetu liko ndani ya hifadhi, na kuchota samaki humo kwa ajili ya kufuga kunahitaji kibali cha ICCN, hata kama samaki mwenyewe ni wa kidole kimoja. Kazi ya namna hiyo ingefaa kuanza na chuo kikuu au na kituo kinachojua maji, kama Kituo cha Utafiti wa Elimumaji cha Uvira, ambacho kimechunguza samaki wa Tanganyika kwa miaka mingi. Na aliye na gupi au samaki mwingine wa dukani asimwage kamwe mtoni wala ziwani, hata akichoka naye.

Wafugaji makini wana sheria moja wasioivunja: samaki wa mahali pawili hawachanganywi, hata wakifanana kama mapacha. Kila chombo kina kibandiko chenye jina la aina, mahali alipotolewa na mwaka. Bila hicho, siku ya kumrudisha hakuna anayejua arudishwe wapi. Samaki huyu sehemu ya kibandiko chake alishaandikiwa miaka 100 iliyopita, na mtu ambaye kwa lugha yake aliandika Vitschumbi.