Chai na mandazi: Shibe ya saa mbili tu

Saa kumi na mbili asubuhi katika mtaa wa Umoja, jijini Nairobi, harufu ya mandazi hutangulia jua. Karibu na kila kituo cha matatu pana kibanda, na mbele ya kila kibanda pana foleni: makarani, mafundi, wanafunzi wenye mikoba mgongoni, kila mmoja na mandazi yake mawili ndani ya karatasi na kikombe cha chai mkononi. Mtu hula akiwa amesimama, hulipa, kisha hukimbilia gari. Ifikapo saa nne tumbo linanguruma kana kwamba halikutiwa kitu tangu jana.

Nyumbani kwangu tuliishi hivyo kwa miaka minane bila kujiuliza. Kilichotuzindua ni kijikaratasi ambacho mume wangu alirudi nacho kutoka kliniki mwaka jana. Alikuwa amekwenda kutazamwa goti. Muuguzi alimpima uzani, shinikizo la damu na sukari, akamwambia kwamba bado hana kisukari lakini yuko mlangoni, na kwamba akipunguza kilo saba au nane huenda asiingie. Baba mkwe wangu alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumnyima chakula. Nilimwandalia chai ya rangi bila sukari na yai moja la kuchemsha, basi. Aliondoka kila asubuhi bila kulalamika, nami nikajipongeza. Siku ya tano nilipopita kibandani, mwenye kibanda akanishika mkono.

"Kastoma, kwako kuna shida? Mzee wako siku hizi anarudi hapa saa nne anakula chapati tatu na maharagwe ya kukaanga. Mmefunga jiko?"

Jioni nilipomuuliza, alicheka kwa haya. "Mama, yai moja ni la mtoto," akasema. Nilikosa jibu, kwa maana alisema kweli.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu, mpenzi msomaji, nikapiga hesabu ya sahani yetu ya zamani. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16 hivi. Mume wangu hutia vijiko vitatu katika kikombe, na hunywa vikombe viwili. Ongeza maziwa, ambayo kwetu ni nusu ya kikombe, na chai pekee inafikia kalori 250. Andazi la ukubwa wa kiganja, kwa vile limekandwa kwa sukari na kuogeshwa katika mafuta, halikosi kalori 200 na mara nyingi hupita hapo. Kwa hivyo mandazi mawili na chai havipungui kalori 650. Na protini je? Gramu kama 15 tu, na nusu yake hutoka katika maziwa ya chai, wala si katika mandazi tunayoyapangia foleni.

Mtu basi anakula kalori za mlo mzima, na bado saa nne ana njaa. Inakuwaje?

Mwaka wa 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walichapisha matokeo ya jaribio lililojibu swali hilo vizuri. Waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye kalori 240 sawasawa, wakawauliza kila baada ya robo saa, kwa muda wa saa mbili, wanahisi wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vyakula vingine vilinganishwe nao. Mayai yalipata 150, machungwa 202, samaki 225. Donati, ambayo ni binamu wa andazi, ilipata 68. Na kilichoibuka cha kwanza hakikuwa nyama wala yai bali kiazi cha kuchemsha, kwa alama 323. Kiazi hicho hicho ambacho vijana wengi hawakitambui kama hakijageuzwa chipsi!

Waama, matokeo hayo si muujiza. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ilhali gramu ya protini au ya wanga ina nne. Chakula chenye mafuta mengi hubeba kalori tele katika tonge dogo. Chakula chenye maji na nyuzinyuzi hujaza nafasi. Protini nayo hukawia, tena huuamsha utumbo utoe homoni zinazouarifu ubongo kwamba chakula kimefika. Ukikutanisha maji, nyuzinyuzi na protini katika bakuli moja, na ukazuia mkono wako kwenye chupa ya mafuta, umepata kiamshakinywa kinachoshikilia hadi saa saba.

Kwa jamii yetu bakuli hilo liligeuka kuwa la ndengu. Najua wengi wanaziona ndengu ni chakula cha mchana au cha usiku, na wenye wali. Lakini kikombe kimoja cha ndengu zilizochemshwa kina protini gramu 14, nyuzinyuzi gramu 15 na kalori 210 tu. Weka kando yake yai moja la kuchemsha, lenye kalori 75 na protini gramu sita. Ongeza kikombe kimoja cha chai ya maziwa chenye kijiko kimoja cha sukari, na utie hesabuni kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Jumla ni kalori 420 hivi na protini gramu 24. Chungwa moja juu yake huongeza kalori 60. Linganisha na zile 650 za mandazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu mzima huhitaji protini gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, yaani gramu 50 kwa mwenye kilo 60. Karibu nusu imeshaingia kabla hujafunga mlango wa nyumba.

"Nani ana wakati wa kupika ndengu alfajiri?" utauliza. Hakuna. Siri ni kuzipika jioni, wakati jiko linawaka kwa ajili ya chakula cha usiku. Nachagua kikombe kimoja cha ndengu kavu nikitoa mawe, naziosha na kuziloweka kabla ya kwenda kazini. Jioni namwaga maji ya kulowekea, naweka mapya, nazichemsha kwa nusu saa au zaidi kidogo hadi zilainike bila kuvurugika. Kikombe hicho hufura kikawa karibu vitatu, na hivyo hututosha sisi watatu. Asubuhi nalainisha kitunguu na nyanya mbili kwa kijiko kimoja kidogo cha mafuta na maji kidogo, natia karoti iliyokunwa, ndengu, chumvi na dania. Dakika kumi, hazizidi. Mayai yanachemka kando.

Nasisitiza kijiko kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu. Ukimimina mafuta kutoka kwenye chupa kwa kukisia, vijiko vikubwa vitatu huingia bila kuonekana, na kila kimoja kina kalori 120. Ndengu ulizozipika kwa nia njema zinakuwa mandazi kwa jina lingine.

Asiye na friji azichemshe bila nyanya wala kitunguu, aziache zipoe haraka, azifunike, na asubuhi azichemshe tena vizuri. Asizilaze usiku wa pili. Zikitoa povu au harufu ya uchachu, atupe, hata kama inauma. Na kwa tumbo lisilozoea jamii ya maharagwe, lianze na nusu kikombe. Matatu ya asubuhi kutoka Umoja hadi mjini husimama sana katika msongamano wa Jogoo Road, na madirisha mengine hayafunguki.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba chai inywewe kando, saa moja hivi kabla au baada ya kula. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika ndengu, ilhali chungwa au nyanya mbichi huusaidia. Kwetu agizo hili linavunjwa kila siku, nakiri. Mume wangu husema chai bila chakula ni dawa, si chai.

Kuna jambo ambalo ni lazima nilitie wino mzito. Hesabu hii ya kupunguza kalori ni ya mtu mzima mwenye uzani wa ziada, wala si ya mtoto. Mwanangu yuko Gredi ya Nne, anacheza kandanda hadi giza liingie, na mwili wake unajenga mifupa. Yeye hupata ndengu na yai kama sisi, kisha akapewa kipande cha mkate, ndizi na kikombe kizima cha maziwa. Zamani mwalimu wake alikuwa akilalamika kwamba husinzia kabla ya mapumziko. Sisemi ndengu zimemfanya awe wa kwanza darasani, la hasha, ila malalamiko hayo yamekoma. Dada zangu wakubwa, waliosoma wakati wa maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa mwaka wa 1979, huniambia kwamba siku ya maziwa hakuna aliyekosa shule. Mtoto aliyeshiba hahitaji hotuba ndefu.

Ndugu yangu mdogo, ambaye anasoma chuo kikuu na kulala katika chumba cha watu wanne, alinijia juu niliposimulia haya. "Dada, ndengu nitachemshia wapi? Kwenye ndoo?" Kwake tulipanga kivingine. Jumapili na Jumatano hununua mayai, hula mawili kila asubuhi. Huchemsha pamoja nayo kiazi kitamu au viazi viwili vya kawaida, sufuria moja, jiko moja. Huteremsha kwa kikombe cha maziwa ya mala yasiyotiwa sukari. Hesabu yake haipiti kalori 420, na protini ni gramu 22. Jikoni akikuta limejaa, hununua mayai ya kuchemsha kwa wachuuzi wa mikokoteni, ila aombe kachumbari na aikatae soseji iliyokaa kando. Soseji ni mafuta na chumvi zaidi kuliko nyama. Aidha, ajihadhari na maziwa mtindi yenye rangi na ladha za matunda. Mengi yametiwa sukari tele.

Rafiki zake, asema, wanaapa kwa njugu karanga. Ni kweli zina protini, gramu saba hivi katika konzi moja. Lakini konzi hiyo ina kalori 170, na katika lile jaribio la Sydney njugu zilipata alama 84 tu, chini ya mkate mweupe. Watu hutafuna konzi moja, mbili, tatu wakiongea siasa, na hakuna anayehesabu.

Mama mkwe alipotutembelea kutoka kando ya ziwa alitazama bakuli langu la ndengu, akanyamaza, kisha kesho yake akaamka mapema na kutuonyesha omena. Aliziosha kwa maji ya moto mara tatu, akazikausha katika sufuria isiyo na mafuta, akazipika kwa nyanya, kitunguu na ndimu, tukala na nduma ya kuchemsha. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena kavu ni protini, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, zina kalsiamu nyingi vilevile. Wapwani nao wametutangulia kitambo: mbaazi asubuhi kwao si jambo geni. Anayetaka kupungua atumie tui jepesi badala ya lile la kwanza, na mahamri yawe moja. Najua nimewaudhi Wamombasa kwa sentensi hiyo.

Wapo wasiofaa kubadilisha chakula kwa kusoma gazeti tu. Anayejidunga insulini au kumeza tembe za kisukari amwone daktari wake kwanza, kwa maana akipunguza wanga ghafla huku dawa ikibaki ile ile, sukari yaweza kushuka hadi azirai. Mwenye ugonjwa wa figo pia asijiongezee protini bila ushauri, na mama mjamzito asijaribu kujikondesha.

Na chakula pekee hakitoshi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002, watu waliokuwa karibu na kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia saba ya uzani wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Visa vya kisukari kati yao vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Mume wangu sasa hushuka vituo viwili kabla ya ofisi na kutembea.

Alirudi kliniki mwezi wa Aprili. Amepoteza kilo tano na sukari imeshuka kidogo, ingawa haijafika anapotakiwa, na ana miadi nyingine baada ya miezi mitatu. Mwenye kibanda hunidai salamu tu siku hizi.

Mandazi hatujayafukuza. Jumapili tukitoka kanisani tunapita pale pale na kila mtu anapata moja. Mwanangu humaliza lake haraka, kisha hukaa akilitazama la babake.