Dawa ya Deni la Nyumba ni Kulipa Mapema

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Siku mtu anapokabidhiwa funguo za nyumba aliyoinunua kwa mkopo, jamaa na marafiki huja, chai hunywewa na picha hupigwa. Matanga huanza mwezi unaofuata, nayo huweza kuchukua miaka 20. Je, yawezekana kuyafupisha matanga hayo? Naam, yawezekana. Nitaeleza jinsi, tena kwa hesabu ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikagua kwa kalamu na karatasi.

Huenda ukajiuliza, "Mimi hata kitanda ninacholalia hapa bwenini ni cha shule, rehani yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yangu. Nyumba unayoenda kulala wakati wa likizo huenda ikawa ni ya benki kuliko ilivyo ya wazazi wako. Isitoshe, miaka michache ijayo nawe utapata mshahara, na watu wa mikopo watakuja kukutafuta wakiwa na tabasamu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kuweka rehani ni kuweka kitu kiwe dhamana ya deni. Benki inakupa fedha za kununua nyumba, nawe unaiachia hatimiliki mpaka umalize kulipa. Unaishi humo, unapaka rangi, unapanda maua, lakini hati iko benki. Ukishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza nyumba hiyo. Si ati dalali atakuja kesho yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inaitaka benki itoe notisi ya muda usiopungua miezi 3 ili ulipe malimbikizo, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Lakini kwa mtu aliyepoteza kazi, miezi 3 ni kama siku 3.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mkopo wa shilingi 3,000,000 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Nimechagua 12 ili mambo yawe rahisi, kwa maana 12 ukigawanya kwa miezi 12 unapata asilimia 1 kwa mwezi. Mkopo huu hulipwa kwa shilingi 33,033 kila mwezi, kwa miezi 240.

Mwezi wa kwanza benki inatazama deni, 3,000,000, na kutoza asilimia 1. Hiyo ni 30,000. Wewe umelipa 33,033. Kwa hivyo kilichopunguza deni lenyewe ni shilingi 3,033 tu! Deni sasa ni 2,996,967. Mwezi wa pili riba ni 29,970, na deni linapungua kwa 3,063. Waona mwendo huo? Ni wa kinyonga. Baada ya miaka 10 ya kulipa bila kukosa hata mwezi mmoja, mtu huyu bado anadaiwa kama shilingi 2,302,000. Baada ya miaka 15, anadaiwa karibu 1,485,000. Yaani amemaliza robo tatu za safari, na nusu ya mzigo bado i kichwani! Atakapomaliza, atakuwa amelipa jumla ya kama 7,928,000. Amenunua nyumba mbili na zaidi, lakini anaishi katika moja.

Benki haijamwibia mtu huyu. Benki huuza muda, na muda alioununua ni miaka 20. Kumbe basi, anayetaka kupunguza gharama ya mkopo hana budi kupunguza muda.

Dawa ni nyongeza. Tuseme mtu yule yule, tangu mwezi wa kwanza, anaongeza shilingi 5,000 juu ya malipo yake, na nyongeza hiyo yote inaenda kwenye deni lenyewe. Mwezi wa kwanza deni linapungua kwa 8,033 badala ya 3,033. Mwezi wa pili riba inatozwa kwenye deni dogo zaidi, kwa hivyo sehemu kubwa zaidi ya malipo inaenda kwenye deni. Hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Mkopo wa miezi 240 unaisha kwa miezi 157, yaani miaka 13 na mwezi mmoja. Nyongeza zote hazifiki shilingi 800,000, lakini riba aliyoiepuka inakaribia 2,000,000. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajaa mara mbili.

Kuna siri nyingine ambayo wengi hawaijui. Shilingi ya mapema ina nguvu kuliko shilingi ya baadaye. Ile 5,000 ya nyongeza ukiilipa mwezi wa kwanza, itakupunguzia zaidi ya shilingi 53,000 mwishoni mwa mkopo. 5,000 iyo hiyo ukiilipa baada ya miaka 10, itakupunguzia kama 16,500 tu. Kwa hivyo asemaye, "Nitaanza kuongeza mshahara ukipanda," anaacha shilingi zake zizeeke kabla hazijafanya kazi.

Baadhi yenu mtasema hesabu ya karatasini ni tamu, lakini hiyo 5,000 itatoka wapi? Hapa niruhusuni niseme ya nyumbani kwetu. Wazazi wangu walichukua mkopo wa nyumba mwaka wa 2018, deni lisilo mbali sana na mfano wangu. Baba alikuwa akifanya kazi hotelini. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli, alirudi nyumbani na begi lake. Benki ilikubali tusilipe kwa miezi 3. Tulishukuru, lakini muda ule haukuwa wa bure: riba iliendelea kuhesabiwa, na deni likaongezeka badala ya kupungua. Kwa miezi ile tulikuwa tukisikia gari likisimama nje, sote tunanyamaza.

Baba alipopata kazi tena mwaka wa 2021, mama alileta daftari mezani. Alikuwa ameandika kila kitu tulichonunua kwa mwezi mzima, hata kiberiti. Kisha tukaanza kupunguza, sote tukiwa tumeketi pale. Mama na baba wakaacha kununua chakula cha mchana kazini, wakawa wanabeba githeri kutoka nyumbani: 2,300. King'amuzi cha kulipia kikazimwa: 1,200. Sukuma wiki tukaipanda kwenye magunia nyuma ya nyumba: 900. Mkate wa asubuhi ukaondoka, viazi vitamu na uji vikachukua nafasi yake: 600. Jumlisha mwenyewe. Ni 5,000 kamili.

Si mchezo, jamani. King'amuzi kilipozimwa ndugu yangu mdogo alinuna wiki nzima, na majirani walituuliza kama mambo yametuendea kombo. Lakini mlimwengu hakulipii deni.

Mama alitaka kuondoa pia nauli ya kwenda kwa nyanya Desemba. Baba akakataa katakata. Alisema, "Mama Ken, nyumba tunaweza kuilipa miezi kadhaa baadaye. Mama yangu hatanisubiri." Mama alinyamaza kidogo, kisha akalifuta lile neno kwenye daftari. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kubana matumizi kuna mpaka wake. Kata anasa, kata mazoea, kata kujionyesha. Karo, dawa, chakula cha kutosha na watu wako, usiviguse.

Kabla hujaenda kuwahubiria wazazi wako, yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, weka akiba kando kabla ya kuanza nyongeza. Fedha ukishaitia kwenye deni la nyumba, huwezi kwenda kuiomba ukiugua. Kwetu nyongeza haikuanza mpaka tulipokuwa na matumizi ya miezi 3 kwenye SACCO. Mwaka wa 2020 ulitufunza hilo.

La pili, maliza kwanza madeni yenye riba kali zaidi, hasa mikopo midogo ya simu. Kulipa mapema deni la asilimia 12 huku ukiacha deni kali zaidi likikua ni kuteka maji kwa pakacha.

La tatu, andikia benki barua. Sema wazi kwamba nyongeza ipunguze deni lenyewe na muda wa mkopo, isije ikahesabiwa kuwa malipo ya mwezi ujao. Uliza pia kama mkataba wako una faini ya kulipa mapema. Kisha kila mwaka omba taarifa ya mkopo na uikague. Mama huikagua kwa rula, mstari kwa mstari.

La nne, kumbuka kwamba riba nyingi za mikopo ya nyumba hapa Kenya hubadilika. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 sheria iliweka kikomo: benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kikomo hicho kiliondolewa. Mwanzoni mwa 2022 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 kilikuwa kimepanda hadi 13. Katika mfano wetu, riba ikitoka 12 ikafika 15 mwanzoni mwa mkopo, riba ya mwezi mmoja ni 37,500. Yale malipo ya 33,033 hayatoshi hata riba peke yake! Ndipo benki inapoandika barua ya kupandisha malipo. Aliyekwisha kupunguza deni hupata pigo dogo, kwa kuwa asilimia hukatwa kwenye deni lililobaki.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, hodari wa somo la Biashara, alinipinga. Alisema mwenye mkopo wa nyumba hupata nafuu ya kodi, basi akilipa mapema ataipoteza. Ni kweli nafuu ipo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mtu anaweza kuondoa riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kabla ya hapo ilikuwa 300,000. Lakini tazama vizuri. Mtu anayekatwa kodi ya asilimia 30 anaokoa senti 30 kwa kila shilingi ya riba aliyolipa. Senti 70 zimeenda. Nani atoaye shilingi ili arudishiwe senti 30, kisha aite hiyo faida? Rafiki yangu alicheka, akaomba nimwonyeshe hesabu tena.

Kwa hesabu ya benki, deni letu lilikuwa liishe mwaka wa 2038. Kwa hesabu ya daftari la mama, litaisha mwaka wa 2033. Miaka hiyo 5 ni karo ya chuo ya ndugu yangu mdogo, ni magoti ya baba kupumzika kabla hayajachoka kabisa, ni usingizi wa watu wanne.

Enyi wanafunzi wenzangu, kuishi kwa kiasi si umaskini, na kujinyima si uchoyo mtu akijua anajinyimia nini. Mkifunga shule, waombeni wazazi wenu wawaonyeshe taarifa ya mkopo kama upo. Tafuteni mistari miwili: riba, na kiasi kilichopunguza deni. Mkiona wa kwanza ni mrefu kuliko wa pili, chukueni daftari, mkae mezani. Dawa ya deni ni kulipa, na anayeinywa mapema hupona mapema. Natua kalamu.