Kona ya Kibati: chukudu inageuzwa na mwili, siyo mikono

Chukudu tunaiona kila siku, hata sanamu yake iko pale Rond-Point Chukudu. Lakini ni wachache wanaojiuliza inageuka namna gani ikiwa imebeba mamia ya kilo. Mimi nimesomea kilimo. Viazi, mashu na makala vya Kibumba vinapita Kibati kabla ya kufika soko la Goma, na vingi vinashuka juu ya hizo mbao. Kona mbaya inaponda mavuno, na inaweza kuvunja mtu kabisa.

Teremko siyo dogo. Kituo cha walinzi wa Virunga pale Kibati, ambako watalii walikuwa wanaanzia kupanda Nyiragongo, kiko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Goma iko karibu 1,500. Mlima ndiyo injini. Freni ni kipande cha mpira nyuma, unakikanyaga kwa mguu.

Sasa tupige hesabu. Chombo cha magurudumu mawili kikikata kona lazima kilale upande wa ndani. Chukua kona ambayo, ukiichora duara nzima, ingekuwa na upana wa mita 40. Kwa kilomita 20 kwa saa, kinalala kama digrii 9. Kwa kilomita 40, digrii 32! Mwendo umezidi mara mbili, lakini nguvu ya kukugeuza lazima izidi mara nne. Na magunia mgongoni mwa chukudu, na kokoto za lava chini, hiyo nguvu haipatikani: gurudumu linateleza.

Ndiyo maana kijana anayeanza afanye mazoezi bila mzigo, mahali penye mteremko mdogo, pasipo magari. Hata wanaoteleza juu ya theluji kwa ski wanaanza hivyo: taratibu kwanza, mwendo baadaye.

Zoezi la kwanza: shuka moja kwa moja, goti limelegea, kiuno chini, viwiko havikazi. Mwili mgumu unarusha kila shimo mpaka kwenye usukani.

La pili: panga mawe matano, hatua kumi kati ya jiwe na jiwe, upite katikati yake kama nyoka. Usivute usukani kwa nguvu. Lalisha kiuno upande unaokwenda. Macho yaangalie jiwe linalofuata, siyo gurudumu.

La tatu: kanyaga freni kabla ya kona, uachie kidogo ukiingia. Mpira wa gurudumu una mshiko mmoja tu. Ukiutumia wote kusimama, haubaki wa kugeuka.

Hayo matatu yakizoeleka, weka gunia moja, urudie yote, ndipo uongeze la pili. Lifunge chini na katikati: mzigo wa juu unachelewa kulala, na unachelewa kuinuka.

Wateja wanasifu anayefika haraka. Sisi tuliosoma tumsifu anayefika na viazi vizima, na miguu mizima.