Bandari za Kaskazini (Sehemu ya Pili): Bergen, Mji wa Ng'onda

Juma lililopita tulikuwa Stockholm. Leo twende pwani ya magharibi ya Norwei.

Mgeni anayefika Bergen hukimbilia Bryggen, penye safu ya nyumba za mbao za rangi nyekundu, manjano na nyeupe zinazotazama bandari ya Vågen. Hupiga picha, akanunua kofia ya sufu, akaenda zake. Kwa maoni yangu, huyo bado hajaiona Bergen. Apite nyuma, aingie vichochoro vyembamba ambavyo hata mchana vina kiza, ndiko shehena zilikohifadhiwa.

Mali iliyojenga nyumba hizo ilitokana na samaki wa mbali. Wanorwei humwita torsk. Huvuliwa majira ya baridi visiwani Lofoten, kaskazini kabisa, akaanikwa kwenye vichanja bila chembe ya chumvi hadi upepo umkaushe. Ni ng'onda hasa, ila ngumu kama kuni, na hukaa miaka bila kuoza. Wakatoliki wa Ulaya, waliokatazwa nyama siku za mfungo, walimtaka sana. Norwei nayo ilipungukiwa nafaka. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hanse, hasa wa Lübeck, wakajiweka katikati ya shida hizo mbili, na kufikia mwaka 1360 hivi walikuwa na ofisi yao Bryggen.

Waliishi kwa amri kali. Walikuwa wanaume watupu, marufuku kuoa wakiwa kazini. Kwa kuogopa moto, jiko halikuwashwa ndani ya nyumba hizo. Walipika na kuota moto katika kumbi za pembeni, schøtstuene. Hebu fikiria baridi ya Januari!

Tahadhari hiyo haikuzuia maafa. Nyumba za leo zilijengwa baada ya moto wa 1702, kwa kufuata mpangilio wa kale. Moto wa 1955 nao uliteketeza sehemu kubwa, lakini ukawapa wanaakiolojia nafasi ya kuchimba. Walipata mamia ya vipande vyenye maandishi ya runi, herufi za kale za Kaskazini: vingine vilitaja mwenye mzigo, vingine vilibeba maneno ya mapenzi. UNESCO iliiorodhesha Bryggen mwaka 1979.

Ukienda, usisahau koti la mvua, maana Bergen hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Samaki yule bado anauzwa, na Nigeria ni miongoni mwa wateja wake wakubwa. Juma lijalo tutamfuata Lofoten.