Jaribio la Dhana za Kani

Jaribio la Dhana za Kani ni jaribio la maandishi linalopima kama mwanafunzi ameelewa maana ya kani na mwendo katika fizikia, bila kumtaka apige hesabu yoyote. Lilichapishwa nchini Marekani mwaka 1992 na David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, na kimataifa hufahamika kwa kifupisho cha FCI. Limetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari na wale wanaoanza fizikia chuoni.

Toleo la kwanza lilikuwa na maswali 29. Toleo lililorekebishwa mwaka 1995, ambalo ndilo linalotumika sana, lina maswali 30. Kila swali lina majibu matano ya kuchagua, na jaribio zima huchukua kama nusu saa.

Tatizo lililosababisha jaribio kutungwa

Walimu wengi wa fizikia wamewahi kumwona mwanafunzi wa namna hii. Akiambiwa kwamba kitu chenye masi ya kilo 4 kinasukumwa na kani ya nyutoni 20, anagawa 20 kwa 4 na kupata mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba. Anapata alama zote. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiulizwa ni kani gani zinazokivuta au kukisukuma kitu kilichorushwa juu, anajibu kama mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Newton. Kanuni ameikariri, na namba anajua kuzipanga, ila picha iliyomo kichwani mwake ni ileile aliyokuja nayo kabla ya somo.

Mwaka 1982 John Clement wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alionyesha jambo hili kwa sarafu iliyorushwa juu. Wanafunzi wengi wa uhandisi walichora mshale wa kani unaoelekea juu wakati sarafu inapanda, na wengi waliendelea kuuchora hata baada ya kumaliza somo la mekanika. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun, mtaalamu kutoka Lebanoni, pamoja na Hestenes walichapisha jaribio la awali walilolitunga katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Walilinganisha madarasa ya walimu wanne wenye mitindo tofauti kabisa ya kufundisha. Maendeleo ya wanafunzi katika dhana za msingi yalikuwa madogo, tena yalikaribia kulingana katika madarasa yote manne. Mwalimu aliyesifiwa kwa ufasaha na yule wa kawaida walipata matokeo yaleyale.

Wells alikuwa mwalimu wa sekondari huko Arizona, tena mzoefu, aliyependa kufundisha kwa majaribio ya vitendo. Alipowapa wanafunzi wake jaribio hilo la awali, matokeo yalimshtua, kwa kuwa hayakuwa mazuri kama alivyotarajia. Badala ya kulilaumu jaribio aliamua kubadili ufundishaji wake, akaingia masomo ya udaktari chini ya Hestenes. Kazi yao ilizaa mtindo wa ufundishaji ambao wanafunzi hufanya kazi katika vikundi, wakichora michoro ya mwendo na kani kwenye mbao ndogo nyeupe na kuieleza mbele ya wenzao.

Namna maswali yanavyotungwa

Maswali yenyewe hayachapishwi ovyo. Yakienea mitaani, wanafunzi watakariri majibu na jaribio litapoteza kazi yake. Mifano inayofuata haikutoka katika jaribio hilo. Inaonyesha tu namna ya kufikiri iliyotumika kulitunga.

Mtoto anarusha chungwa wima kwenda juu. Limeshaachana na mkono wake na bado linapanda. Tukiacha ukinzani wa hewa, ni kani gani zinazotenda juu ya chungwa hilo? Jibu sahihi ni moja tu: mvutano wa Dunia, unaoelekea chini. Hakuna kingine kinacholigusa wala kulivuta. Wengi lakini huchagua jibu linalosema kuna nguvu ya mkono inayosukuma juu, ambayo inapungua polepole hadi mvutano unapoishinda. Wengine husema chungwa likifika kileleni halina kani yoyote kwa sababu limesimama. Ukweli ni kwamba mvutano ni uleule mwanzo, kileleni na wakati wa kuanguka. Kinachobadilika ni kasi. Mkono ulilipa chungwa kasi, na baada ya hapo kazi yake imekwisha.

Mfano wa pili: lori lenye masi ya kilo 10,000 linagongana uso kwa uso na bajaji yenye kilo 500. Ni kipi kinachompiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Karibu kila mtu aliyesimama kando ya barabara atasema lori, na ushahidi wake ni bajaji iliyokunjwa kama kopo. Kwa sheria ya tatu ya Newton, kani mbili hizo zinalingana sawasawa. Tofauti iko katika matokeo: kwa kuwa masi ya bajaji ni moja ya ishirini ya masi ya lori, mchapuko wake ni mara 20 ya ule wa lori. Ndiyo maana bajaji hurushwa nyuma na abiria wake kuumia, wakati dereva wa lori anaweza kuhisi mtikisiko mdogo tu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kila tendo lina tendo pinzani lililo sawa nalo anaweza kuiandika sentensi hiyo kwenye mtihani na bado akachagua lori.

Mfano wa tatu ni mkokoteni unaosukumwa kwenye barabara tambarare kwa kasi isiyobadilika. Wanafunzi hudhani msukumaji lazima aushinde msuguano, la sivyo mkokoteni usingekwenda. Ikiwa kasi haibadiliki, msukumo na msuguano vinalingana. Msukumo uliozidi msuguano ulihitajika pale mwanzo tu, mkokoteni ulipokuwa unaongeza kasi.

Majibu yasiyo sahihi hayakubuniwa na watungaji mezani. Yalikusanywa kutoka vinywani na maandishini mwa wanafunzi wenyewe, waliojibu maswali ya wazi na kuhojiwa. Kwa hiyo kila kosa lina habari ndani yake, na mwalimu anayesahihisha hapati jumla ya alama peke yake bali hujua pia darasa linafikiri nini. Mtihani wa kawaida wa kuchagua majibu mara nyingi hauna sifa hiyo: majibu ya uongo huwekwa kujaza nafasi, na mwanafunzi mwerevu huyaondoa bila kujua fizikia.

Mawazo ya wanafunzi hao si ya kijinga. Wazo la nguvu inayotiwa ndani ya kitu na kuisha kidogokidogo lilitetewa na Yohane Philoponus wa Aleksandria katika karne ya 6, likajadiliwa na Ibn Sina, na likapewa umbo kamili na Jean Buridan huko Paris katika karne ya 14. Wanadamu wenye akili kubwa walihitaji karne nyingi kuliacha. Kutegemea kwamba kijana wa kidato ataliacha kwa vipindi vichache ni kutegemea mengi.

Upimaji wa maendeleo

Kwa kawaida jaribio hutolewa mara mbili: kabla ya mada ya mekanika kuanza na baada ya kumalizika. Alama zake haziingizwi katika matokeo ya mwanafunzi, na karatasi zote hukusanywa. Mwanafunzi akijua kwamba hapati wala hapotezi kitu, hujibu anavyofikiri kweli.

Ili kulinganisha madarasa yaliyoanza katika viwango tofauti, hutazamwa ni sehemu gani ya pengo iliyozibwa. Darasa lililoanza na wastani wa asilimia 40 lilikuwa na pengo la 60. Likimaliza na asilimia 55, limeziba 15 kati ya 60, yaani 0.25. Darasa lililoanza na 70 na kumaliza na 79 limeziba 9 kati ya 30, yaani 0.30, ingawa limeongeza alama chache kuliko la kwanza.

Kipimo hiki kilienezwa na Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya kozi 62 zenye wanafunzi 6,542, wakiwemo 1,113 wa sekondari, waliopimwa kwa FCI au kwa jaribio lile la awali. Kozi 14 zilizofundishwa kwa mtindo wa kawaida, mwalimu akieleza na wanafunzi wakinakili, ziliziba kwa wastani 0.23 ya pengo. Kozi 48 zilizowafanya wanafunzi wajadili, watabiri na kupata marekebisho papo hapo ziliziba 0.48. Uchambuzi huo ulibadilisha mjadala mzima, kwa sababu hakuna hata kozi moja ya mtindo wa kawaida iliyofikia wastani wa zile nyingine.

Watungaji wenyewe walipendekeza viwango viwili. Asilimia 60 huchukuliwa kuwa kizingiti ambacho mwanafunzi akikivuka anaanza kufikiri kwa namna ya Newton, na asilimia 85 kuwa alama ya aliyeimudu. Mwanafunzi anayebahatisha tu atapata kama asilimia 20, yaani maswali 6 kati ya 30. Anayefuata kwa uaminifu mawazo ya mtaani anaweza kupata chini ya hapo, maana kila swali lina jibu linalomwita.

Habari inayosimuliwa mara nyingi ni ya Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa akisifiwa na wanafunzi kuwa mwalimu bora. Aliposoma kazi ya Halloun na Hestenes aliamini kwamba kwake mambo yangekuwa tofauti, akawapa wanafunzi wake jaribio. Mmoja wao akamwuliza ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna yeye mwenyewe anavyofikiri kuhusu mambo hayo. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko Mazur alivyodhani. Kuanzia mwaka 1991 alijenga mtindo wa kukatisha mhadhara kwa swali la dhana: kila mwanafunzi hujibu peke yake, hujadiliana na jirani, kisha hujibu tena.

Ukosoaji

Mwaka 1995 Douglas Huffman na Patricia Heller walichambua majibu kwa takwimu na kuona kwamba maswali yaliyodaiwa kupima dhana moja hayakuambatana ilivyotarajiwa. Walihoji kama jaribio linapima mfumo mmoja wa mawazo au linapima tu jinsi mwanafunzi alivyozoea mazingira fulani. Hestenes na Halloun walijibu kwamba mwanafunzi ambaye bado hajaelewa hana mfumo uliopangika, kwa hiyo mtawanyiko huo ni wa kutegemewa. Mjadala haukuisha, lakini walimu wengi huchukua alama ya jumla kuwa ya kuaminika kuliko alama za kila kifungu.

Tafiti nyingi zimeonyesha wavulana wakipata wastani wa juu kuliko wasichana. Sehemu ya lawama imewekwa kwenye mazingira ya maswali: roketi, mizinga, na mchezo wa hoki ya barafuni. Hoja hii ni nzito zaidi nje ya Marekani. Mwanafunzi wa Tabora au Mombasa ambaye hajawahi kuona barafu ya kuteleza analazimika kwanza kuiwazia, ndipo aanze kufikiri fizikia.

Kuelewa dhana pia si kitu kimoja na kuweza kuhoji kisayansi. Mwaka 2009 Lei Bao na wenzake walilinganisha wanafunzi walioanza chuo kikuu nchini China na Marekani. Wachina, waliosoma fizikia kwa miaka mingi sekondari, walipata wastani wa karibu asilimia 86 katika FCI, na Wamarekani karibu asilimia 49. Katika jaribio la kufikiri kisayansi kwa ujumla makundi yote mawili yalipata karibu asilimia 74.

Suala la lugha

FCI limetafsiriwa katika lugha nyingi, zikiwemo Kihispania, Kiarabu, Kijapani na Kichina. Kwa Kiswahili, mtafsiri hukutana na kikwazo ambacho ni kiini cha somo lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hubeba kani, nishati, uwezo na hata ukali: mtu ana nguvu, gari linakwenda kwa nguvu, umeme hauna nguvu, jiwe limekuja kwa nguvu. Kusema kwamba jiwe lililo angani halina nguvu yoyote ya kwenda mbele ni kama kukataa jambo ambalo kila mtu analiona. Kamusi za sayansi zimetenga kani, nishati na nguvu, na pia masi na uzito, lakini sokoni mfuko wa kilo 5 bado una uzito wa kilo 5.

Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kuhamia Kiingereza sekondari. Anapokutana na neno la Kiingereza la kani hulitafsiri kimoyomoyo kuwa nguvu, na maana zote za nguvu huingia pamoja nalo. Kosa lake kwenye swali la chungwa linaweza basi kuwa na mizizi miwili, ule wa Buridan na ule wa msamiati, na karatasi ya kuchagua majibu haiwezi kuitenganisha. Njia inayobaki kwa mwalimu ni ya zamani: kumwita mwanafunzi, kumpa chaki achore mishale ya kani, na kumwuliza kila mshale unasababishwa na kitu gani. Mshale usio na kitu kinachousababisha hufutwa.

Majaribio yanayofanana

Baada ya FCI yalitungwa majaribio mengine kwa mtindo huohuo. Robert Beichner alichapisha mwaka 1994 jaribio la kusoma grafu za mwendo, ambalo hufichua wanafunzi wanaodhani grafu ni picha ya njia iliyopitwa. Ronald Thornton na David Sokoloff walichapisha jaribio lao la kani na mwendo mwaka 1998, na mwaka 2001 David Maloney na wenzake walichapisha la umeme na usumaku.