Kigari cha Mbao Chataka Baba na Breki

Apitaye Kibera au Kawangware jioni, watoto wakiisha kurudi shule, huenda akasikia mngurumo wa chuma juu ya lami. Asidhani ni pikipiki. Ni kigari cha mbao. Dereva wake hajatimiza miaka kumi, na injini ni mwenziwe amsukumaye mgongoni.

Kigari hiki hakinunuliwi dukani. Mbao ni mabaki ya maseremala, na magurudumu ni beringi kuukuu zilizotupwa gereji. Hutafutwa ubao mpana wa kukalia, wa futi tatu au nne. Mti wa nyuma hupigiliwa misumari imara. Mti wa mbele haupigiliwi, bali hutobolewa kwa keekee na kushikwa kwa parafujo moja nene katikati, upate kugeuka. Kamba ifungwayo ncha zake mbili ndiyo usukani. Ncha za miti huchongwa mviringo, na beringi zikagongwa humo mpaka zikakaza.

Kinachosahauliwa ni breki. Mtoto hutaka mwendo. Habari ya kusimama haimjii mpaka ameanza kuteremka. Na Kibera ni mahali pa miteremko inayoshukia Mto Ngong, na reli iendayo Kisumu inapita kati yake. Mwaka 1904 na miaka iliyofuata, Wanubi, askari Waislamu wa jeshi la King's African Rifles, walipokaa hapo, palikuwa msitu, na ndiyo maana ya neno "kibra" kwa lugha yao. Mwaka 2017 jamii yao ilipewa hati ya ekari 288. Leo nyumba zimebanana, na uwanja mtupu ni kitu adimu. Mwaka 2018 nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Lami laini ni neema kwa kigari, lakini ndiyo njia ya malori na matatu.

Hapa ndipo baba anapohitajiwa. Wazazi wengi wa mitaa hii hutoka alfajiri na kurudi usiku, na mtoto hujitengenezea peke yake. Lakini saa mbili za siku ya mapumziko zatosha. Baba achukue mti mfupi, autie parafujo ubavuni mwa ubao, na ncha ya chini aivishe kipande cha tairi. Mtoto akivuta ncha ya juu, mpira hukwaruza chini na kigari hupunguza mwendo. Kisha wakijaribu pamoja, mahali tambarare kwanza.

Ila baba asimpokonye mtoto nyundo. Huko Lamu mtoto wa fundi wa mashua huijua tezo kwa kuishika, si kwa kutazama tu. Msumari ukipinda, aung'oe mwenyewe.

Wala mtu asione kwamba kukaa na mtoto katika mchezo ni kujishusha hadhi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa vijidoli vya Bibi Aisha farasi mwenye mbawa za matambara. Alimwuliza habari zake, na jibu alilopewa likamchekesha. Hakukivunja kitu kile wala hakukidharau.

Na mbao hizi zaweza kuzaa kazi. Goma, mashariki ya Kongo, chukudu la mbao lenye magurudumu mawili hubeba magunia ya viazi na makaa, na mji umelisimamishia sanamu.

Basi wazee wa mtaa, walimu na maimamu washauriane: uwanja wa shule siku isiyo ya masomo, au ua wa msikiti baina ya sala, ufunguliwe kwa vigari hivi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Na amkunjaye awe ni babaye, si barabara.