Vidonda vya Utumbo Mpana: Kutulia Si Kupona

Miongoni mwa maradhi ya tumbo ambayo aghalabu huchelewa kutambuliwa katika nchi zetu ni kolaitisi ya vidonda, kwani mgonjwa anayeharisha damu na kamasi, akashikwa na haja isiyongojeka hata usiku ikamwamsha, hudhaniwa kuwa ana amiba, akapewa metronidazoli, akaona nafuu kidogo, kisha damu ikarejea naye akaandikiwa dawa ile ile. Dhana hiyo mara ya kwanza haina lawama, maana vijidudu vya amiba na shigela vipo kwetu kwa wingi, na tabibu hana budi kuanza kwa kupima choo. Lakini damu inayodumu au inayorudi yataka kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa.

Hapo ndipo hakika hudhihirika: ngozi ya ndani ya utumbo, ambayo kwa mtu mzima wa afya hung'ara na kuonyesha mishipa yake, huonekana nyekundu, imevimba, na ikiguswa kidogo tu hutoka damu. Uharibifu huu huanzia mwisho wa utumbo, ukapanda juu bila ya kuruka mahali, nao ni kazi ya kinga ya mwili iliyogeuka kumdhuru mwenyewe; haumwambukizi mwingine, wala hausababishwi na pilipili.

Zamani shambulio kali liliua wengi, hata mwaka 1955 matabibu Truelove na Witts wa Oxford walipothibitisha kuwa kotisoni hupunguza vifo hivyo. Ila kotisoni ni ya kuzima moto, si ya kukaa nayo, kwa kuwa ikidumu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, wala haifai kukatizwa ghafla. Kazi ya kulinda utulivu, kwa wagonjwa wengi ambao maradhi yao si makali, ni ya mesalazini, ya kumeza au ya kutia kwa nyuma, na hapa ndipo wengi hujidhuru: damu ikikoma huiacha dawa, wakidhani wamepona, ilhali maradhi yametulia kwa sababu ya dawa hiyo hiyo.

Basi mgonjwa na aendelee na dawa siku za raha, ajihadhari na diklofenaki na ibuprofeni za dukani, ambazo huweza kuyaamsha maradhi, na apimwe damu asije akapungukiwa. Yakishika, ale vyakula laini kama uji na wali, anywe maji mengi. Akienda haja ya damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na ikitimia miaka 8 tangu dalili za kwanza, hata akiwa mzima, aangaliwe tena kwa kolonoskopi, kwani maradhi haya yakidumu huweza kuleta saratani ya utumbo, nayo ikigunduliwa mapema hutibika.